Barua ya wazi kwa wakubwa wa Haut-Katanga: nunueni magari makuukuu ya mazutu, kisha muyaue

Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Haut-Katanga,
Waheshimiwa Mawaziri na Wabunge wa Jimbo,
Mheshimiwa Meya wa Lubumbashi, pamoja na wakubwa wa komini zetu zote saba,

Pokeeni salamu za heshima.

Mimi ni fundi wa injini za mazutu, yaani dizeli, katika komini ya Katuba. Miaka mingi nimefungua pampu na enjekta za karibu kila aina ya gari linalofanya kazi katika mji huu: Hiace za abiria, Canter za makala (makaa ya kupikia), Fuso za mchanga, Mercedes za zamani zinazobeba saruji. Ombi langu ni moja. Katika bajeti ya jimbo tengeni mfuko wa ruzuku, umsaidie mwenye gari kuukuu la mazutu kupata gari lenye injini safi zaidi, kwa sharti kwamba lile la zamani linauawa mbele ya mashahidi na halirudi tena barabarani.

Najua kila mara moshi unapozungumzwa, jibu la kwanza ni amri. Gari la umri fulani lisitembee, likionekana likamatwe, mwenyewe atoe faini. Naelewa kwa nini amri inapendwa: haitoi hata franka moja katika hazina. Lakini tazameni linalotokea baadaye. Mwenye Fuso ya mchanga hana gari la pili. Likizuiwa leo anakopa, analipa, na keshokutwa liko tena kwenye barabara ya Kasenga na mzigo uleule. Faini inaandikwa katika daftari pamoja na mazutu na matairi. Ili kuifidia, anaahirisha kubadilisha filta, anaahirisha enjekta, na gari linatoka na moshi mzito kuliko ule uliolikamatisha. Nimewaona wateja wangu wakipiga hesabu hiyo mbele yangu, na siwezi kuwalaumu. Shofere anasubiri hesabu ya jioni, mwenye gari anasubiri karo ya shule ya watoto, na nyuma yao kuna wapakiaji wa mchanga ambao hawali siku ambayo kamio haikutembea.

Niruhusuni nieleze moshi wenyewe unatoka wapi. Injini ya mazutu haina buji ya kutoa cheche. Inabana hewa mpaka iwe moto mno, kisha enjekta inapuliza mazutu laini kama ukungu, na ukungu huo unawaka wenyewe. Enjekta nzima hutoa ukungu. Enjekta iliyochoka hutoa matone, na tone halimalizi kuungua: nje linawaka, ndani linabaki masizi. Ongezeni vumbi letu jekundu la kiangazi linaloziba filta ya hewa. Injini inakosa pumzi, mazutu yanakuwa mengi kuliko hewa, na bomba linatoa weusi. Gari linapoanza kushindwa kupanda na mzigo, shofere anamwambia fundi afungue skrubu ya pampu ili mafuta yazidi. Nguvu zinaongezeka kidogo, moshi unaongezeka sana. Mwishowe pete za pistoni zinakwisha, oili nayo inaingia motoni, na moshi unageuka rangi ya bluu.

Sehemu ya mambo hayo inatengenezeka, na kwa gari ambalo halijachoka sana ruzuku ndogo ya enjekta na filta ingetosha. Lakini kuna umri ambao injini hairudi kuwa safi tena. Silinda imelika, kila kitu kimoja kikibadilishwa kingine kinadai, na enjekta zinazopatikana sokoni kwa bei ya mwananchi ni zile zilizokwisha kuchoka katika gari lingine. Hata kama ningeweza kuirudisha jinsi ilivyotoka kiwandani, injini ya miaka ya 1980 au ya mwanzo wa 1990 iliundwa kabla ya sheria za kuchuja masizi. Ilikuwa na moshi siku ya kwanza ilipowashwa.

Moshi huo unaua, ingawa hauui kwa siku moja. Mwezi wa Juni 2012 shirika la Umoja wa Mataifa linalochunguza saratani, IARC, liliuweka moshi wa injini za mazutu katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na sigara. Chembe zake nyingi ni ndogo kuliko mikromita 2.5. Pua haizizuii, koo halizizuii, zinashuka mpaka mwisho wa mapafu na nyingine zinaingia katika damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliteremsha kiwango cha mwaka cha chembe hizo kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa sababu ushahidi ulionyesha kwamba hata kidogo kinadhuru moyo na mapafu. Shirika hilohilo linakadiria kwamba hewa chafu ya nje na ya majumbani inaua watu wapatao milioni 7 kila mwaka duniani.

Kwetu hali inazidishwa na mahali tulipo. Mji huu uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai ni baridi. Hewa ya baridi inalala chini na moshi unalala pamoja nayo, saa zilezile ambazo watoto wanatembea kando ya barabara kwenda shule, vichwa vyao vikiwa karibu na kimo cha bomba la kamio. Sisemi kwamba magari ni chanzo peke yake. Kuna makala, kuna moto wa pori, kuna taka zinazochomwa, na kuna vumbi la migodi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) pamoja na Chuo Kikuu cha Leuven cha Ubelgiji uliotangazwa mwaka 2009 ulikuta kiasi kikubwa mno cha kobalti katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini hapa Katanga. Miili yetu imekwisha kubeba vya kutosha. Ndiyo maana nataka tuanze na chanzo ambacho tunajua jinsi ya kukiondoa, kimoja baada ya kingine, kwa nambari ya shasi.

Njia ninayoiomba imejaribiwa. Marekani walitunga sheria yake mwaka 2005, na tangu 2008 idara yao ya mazingira, EPA, imekuwa ikitoa ruzuku ya kubadilisha kamio, mabasi ya shule na mashine za mazutu. Serikali hailipi bei yote. Kwa kawaida inatoa robo ya bei ya gari jipya la mazutu na hadi asilimia 45 ya bei ya lile la umeme, na mwenye gari anatafuta zilizobaki. Sharti lake ndilo linalonifurahisha kama fundi: injini ya zamani lazima itobolewe tundu la inchi tatu katika bloku, na fremu ya gari ikatwe. Bloku iliyotobolewa hivyo hakuna fundi wa kuifufua, hata wa Katuba. EPA wenyewe wameripoti kwamba kila dola moja ya mpango huo imeleta faida ya kati ya dola 11 na 30 katika afya ya watu.

Afrika nayo imejaribu. Afrika Kusini kuanzia 2006 iliwalipa wenye taksi za abiria randi 50,000 kwa kila gari bovu walilolileta liharibiwe. Mpango ulikwenda polepole kuliko ilivyotarajiwa, na sababu moja inaonekana wazi: fedha hizo zilikuwa mbali sana na bei ya basi jipya, na maskini hapewi mkopo wa kuziba pengo. Dakar, kuanzia 2005, walianza kuondoa mabasi ya zamani kwa kuwakusanya wenye magari katika vikundi, ili benki ikopeshe kikundi badala ya mtu mmoja. Hilo la vikundi ndilo ningependa mlitazame kwa makini, kwa sababu hapa kwetu watu wa likelemba, wanaochangiana fedha kwa zamu, tayari wanajua kuaminiana na kudaiana. Na hata Kinshasa, wakati wa serikali ya Waziri Mkuu Matata Ponyo, yaliletwa mabasi ya Esprit de vie ili wasafirishaji wa kawaida waache zile Mercedes 207 zilizokuwa zikiogopwa na abiria. Kwa hiyo hatuombi jambo ambalo nchi yetu haijawahi kulifikiria. Tunaomba lifike Lubumbashi, na lifanywe na ulinzi unaostahili.

Nasema ulinzi kwa sababu tunajua mkia wa mipango ya wengine unaishia wapi. Mwaka 2009 Ujerumani ilitoa euro 2,500 kwa kila mtu aliyepeleka gari lake la miaka tisa au zaidi likavunjwe. Baadaye chama cha wapelelezi wa polisi wa huko kilikadiria kwamba hadi magari 50,000 yaliyokwisha kulipiwa kifo yalivushwa kwa siri, mengi yakija Afrika na Ulaya ya Mashariki. Na hayo ni ya siri tu. Ya wazi ni mengi zaidi: ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilihesabu magari madogo milioni 14 yaliyotumika ambayo Ulaya, Japani na Marekani waliyauza nje kati ya 2015 na 2018, na Afrika ndiyo iliyopokea mengi kuliko bara lolote. Hewa yao inasafishwa, na sehemu ya uchafu huo inashuka bandarini Dar es Salaam, inapita Zambia, inaingia kwetu kwa mpaka wa Kasumbalesa.

Sasa fedha. Mtaniambia hazina ni tupu, na mimi siongei kama mtu asiyejua kwamba barabara na hospitali zinangoja. Lakini jimbo hili si maskini chini ya ardhi yake. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawanya mrabaha, yaani malipo ya migodi kwa madini yanayotolewa, hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini au sekta ambako mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kobalti ilitangazwa madini ya kimkakati mwishoni mwa mwaka huohuo, na mrabaha wake ukapanda hadi asilimia 10. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, na sehemu kubwa inakwenda katika betri za magari ya umeme ambayo yanapunguza moshi katika miji ya watu wengine. Kutenga sehemu ndogo ya ile robo ya jimbo ili mtoto wa komini yetu ya Kenya au ya Kampemba naye apate hewa, hilo ni haki yake, na wala halimnyimi mtu mwingine kitu. Ongezeni juu yake sehemu kidogo ya péage, yaani ushuru wa kupita, ya barabara ya Kasumbalesa, inayolipwa na makamio yaleyale. Tukumbuke pia kwamba kwa miaka mingi serikali kuu imekuwa ikiwafidia wenye makampuni ya mafuta ili bei ya pampu isipande. Fedha za umma tayari zinaingia katika mazutu. Naomba kiasi kidogo kiingie katika kuyapunguzia sumu.

Nani apewe? Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na ndipo mipango mizuri huharibika. Makampuni makubwa yanayobeba shaba kwenda Durban, Dar es Salaam au Walvis Bay yasipewe hata franka moja. Yana uwezo wa kununua, na magari yao mengi si ya zamani sana. Ruzuku iende kwa mtu mwenye gari moja, mawili yakizidi sana, ambaye gari lake limefanya kazi mjini humu kwa miaka miwili mfululizo na linatembea kwa nguvu zake siku ya kulileta. Sharti hilo la mwisho ni la lazima. Bila hilo watu watavuta mabati yaliyooza nyuma ya nyumba, walipwe, na moshi wa barabarani ubaki vilevile. Na kiasi kisiwe cha kuonea haya. Robo ya bei inamsaidia Mmarekani mwenye benki nyuma yake. Kwetu ningesema nusu, na nusu ya pili iwe mkopo wa kikundi unaolipwa kidogo kidogo kutoka hesabu ya kila siku.

Gari la kubadilishia lisilazimishwe kuwa jipya kabisa. Kwa mabasi madogo ya abiria, Hiace ya petroli iliyo katika hali nzuri ingetosha kuondoa sehemu kubwa ya masizi, na kila fundi wa mtaani anajua kuitunza. Umeme utakuja, nami ningefurahi kuuona, lakini maadamu umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unakatika mitaani jinsi unavyokatika sasa, kumpa shofere basi la betri ni kumpa deni lisilotembea. Kwa makamio ya mchanga na makala hakuna njia ya petroli. Hayo yatahitaji injini za mazutu za kizazi cha karibuni, zenye filta ya masizi, na hapo ndipo tunapogongana na mafuta yenyewe.

Filta ya masizi inafanya kazi kwa kukusanya chembe na kuzichoma zenyewe ndani, kwa joto la nyuzi 600 hivi. Mazutu yenye salfa nyingi yanaiua: salfa inaharibu kemikali zinazosaidia kuchoma, filta inaziba, gari linakosa nguvu. Shofere analileta gereji, na kazi anayoiomba kila siku ni ileile: kata, toa vya ndani, unganisha bomba tupu. Gari la fedha nyingi linageuka kuwa na moshi kama lile lililouawa. Ulaya inatumia mazutu yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni tangu 2009. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikubali sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015, na nchi yetu imekuwa mwanachama wa Jumuiya hiyo tangu 2022. Mheshimiwa Gavana, jambo hili ni la Kinshasa, la Wizara ya Hidrokaboni na la OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, lakini sauti yako inafika huko kuliko yetu. Dai kiwango cha 50 kiheshimiwe kwa kila lori la mafuta linaloingia Kasumbalesa, vipimo vifanywe mpakani, na majibu yatangazwe redioni kwa Kiswahili. Bila hatua hiyo, sehemu ya makamio katika mpango huu isianze. Heri tusubiri kuliko kutupa fedha za watu.

Kuhusu kuua magari, fanyeni hadharani. Uwanja wa wazi, siku inayojulikana, wapo wabunge, waandishi wa habari, chama cha mashofere na mafundi. Bloku itobolewe, shasi ikatwe mara mbili, nambari yake isomwe kwa sauti na iandikwe katika daftari ambalo mtu yeyote anaweza kulitazama komini. Milango, viti, matairi na giriboksi viuzwe, kwa sababu kuna magari yasiyo na hatia yanayovihitaji. Chuma kingine kiende kuyeyushwa. Pampu na enjekta zipondwe palepale. Nasema hivyo nikijua kwamba kwa kufanya hivyo kazi kubwa ya gereji kama yangu inaondoka, maana magari hayo ndiyo yanayotulisha sisi mafundi. Naomba basi mpango uwe na sehemu ya kutufundisha injini mpya na vifaa vya kuzipima, tusiachwe pembeni na kuwa maadui wa jambo ambalo tunaliunga mkono.

Na nunueni vipimo. Kuna kifaa kinachopima weusi wa moshi: shofere anakanyaga aksereta gari likiwa limesimama, mashine inasoma. Wekeni vichache katika ukaguzi wa kila mwaka, ili gari lihukumiwe kwa moshi wake kuliko kwa mwaka ulioandikwa katika karatasi, kwa sababu nimeona gari la miaka 25 lililotunzwa likipumua vizuri kuliko la miaka 12 lililoteswa. Wekeni pia vipimo vya hewa katika soko la Kenya, karibu na hospitali ya Sendwe, na kwenye njia ya kuingilia Ruashi, tuone baada ya mwaka kama fedha zimefanya kazi au hazikufanya.

Anzeni na kidogo. Mabasi ya abiria mia mbili, yale yanayopita mbele ya shule na hospitali, kwa mwaka wa kwanza. Kikao cha bajeti cha Bunge la Jimbo ndicho mahali pa kuanzia: mstari mmoja wenye jina la mfuko na kiasi chake, na edikti fupi, yaani sheria ya jimbo, inayosema nani anapewa, nani anakagua, na nani anajibu fedha zikipotea. Tukiitwa kusaidia kuandika orodha ya magari na kuyakagua moja moja, mafundi wa Katuba, Kenya na Kamalondo tutakuja na vifaa vyetu, na siku hiyo hatutadai malipo.

Kwa heshima nyingi,

Fundi wa injini za mazutu,
Komini ya Katuba, Lubumbashi